Fundo na Kahawa: Kusameheana kwa Uzingativu katika Vibanja vya Kaagya

Ugumu wa kusameheana huko Kaagya, kata iliyomo katika Wilaya ya Bukoba mkoani Kagera, na katika vijiji vinavyofanana nayo hadi Muleba, hauwezi kueleweka vyema bila kuuangalia kwanza mpangilio wa makazi yenyewe. Mhaya, mwenyeji wa eneo hili, hana shamba upande huu na nyumba upande ule. Shamba lake ndilo nyumbani. Nyumba huzungukwa na migomba, kati ya migomba husimama mibuni, chini yake hupandwa maharage, na eneo hilo lote, liitwalo kibanja, hurithiwa ndani ya ukoo na kurutubishwa kizazi baada ya kizazi kwa samadi na kwa matandazo ya nyasi zinazokatwa rweya, yaani kwenye uwanda wa nyasi ulio nje ya makazi. Kibanja cha kaka hupakana na cha mdogo wake, njia ya mmoja hupita mbele ya mlango wa mwingine, na makaburi ya wazazi wao yamo humo humo chini ya migomba. Mpangaji wa mjini aliyekosana na jirani yake huweza kuhama mtaa, ilhali mwenye kibanja hana pa kuhamia, maana ardhi hiyo imebeba jina la ukoo wake, chakula cha watoto wake na mifupa ya babu zake. Aliyemkosea atakutana naye asubuhi akichota maji, atamwona Jumapili kanisani au Ijumaa msikitini, na siku ya msiba watakaa chini pamoja bega kwa bega.

Katika mazingira ya namna hiyo kosa dogo halipati nafasi ya kupoa, kwa kuwa kila siku huamshwa upya na sura ya mkosaji. Kiswahili kina msamiati mpana wa hali hii: mtu huweka neno moyoni, huwa na kinyongo, hununa, humnyima mwenzake salamu, na hatimaye husemwa kuwa ana fundo. Neno hilo la mwisho limechaguliwa vizuri kuliko yote, kwani fundo ni kamba iliyojikaza yenyewe, na kadiri inavyovutwa kwa nguvu ndivyo inavyozidi kukaza. Kwa upande wa pili, kitenzi kusamehe kimetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ukarimu, ukunjufu na wepesi wa kuruhusu, na kuwia radhi kumetoka katika neno la kuridhika, hivyo kwamba lugha yenyewe inadokeza kuwa msamaha ni kulegea kwa kitu kilichokuwa kimekazwa.

Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu, walichelewa kulichunguza jambo hili, pengine kwa kudhani kuwa ni mali ya viongozi wa dini. Miongoni mwa waliotangulia ni Robert Enright wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, aliyeanza utafiti wake katika miaka ya 1980 na ambaye huueleza msamaha kuwa ni hiari ya mtu aliyetendewa dhuluma, mwenye haki kamili ya kukasirika, kuiacha chuki yake na kumwelekezea mkosaji wema asioustahili. Maelezo hayo yana uzito kwa sababu hayamtaki mtu aseme kwamba kosa halikuwa kosa. Kusamehe si kumtetea mkosaji, wala si kupatana, kwa kuwa kupatana ni kazi ya watu wawili na kusamehe huweza kufanywa na mmoja peke yake. Mtafiti mwingine, Everett Worthington, aliongeza tofauti nyingine ambayo kila mwanandoa ataitambua mara moja: upo msamaha wa uamuzi, ambao mtu anaamua kutolipiza, na upo msamaha wa hisia, ambao uchungu wenyewe unapungua. Mke anaweza kumwambia mumewe kwa unyofu kabisa, "Yameisha, Baba Fulani," akaendelea kupika na kupakua kama kawaida, na bado kila asikiapo sauti yake mlangoni kifua kikambana. Uamuzi umekwisha kutolewa, ila mwili haujaarifiwa.

Hapo ndipo uzingativu unapoingia. Kwa neno hili inakusudiwa hali ya mtu kuelekeza nadhari yake kwa makusudi kwenye kile kinachotokea wakati huo huo, ndani yake na mbele yake, pasipo kukihukumu upesi kuwa ni kizuri au kibaya na pasipo kukikimbia. Zoezi hili asili yake ni mafundisho ya Kibudha, ambako huitwa sati kwa lugha ya Kipali, na jambo la kustaajabisha ni kwamba mzizi wa neno hilo ni kukumbuka. Usemi uliozoeleka wa "samehe na usahau" unapata hapa mpinzani wa zamani sana. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi aliyesomea baiolojia ya molekuli, aliliondolea zoezi hilo vazi lake la kidini na kuanzisha kliniki katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, alikowafundisha kwa wiki kadhaa wagonjwa wenye maumivu sugu ambayo dawa zilishindwa kuyamaliza. Somo lake la kwanza halikuwa la kutafakari mambo makuu. Kila mgonjwa alipewa zabibu kavu, akatakiwa kuitazama kana kwamba hajapata kuona zabibu, kuipapasa, kuinusa, kuiweka ulimini, kuitafuna polepole na kufuatilia kila badiliko la ladha hadi imemezwa.

Msomaji wa Bukoba hahitaji zabibu. Katika nyumba za Kaagya mgeni hukaribishwa kwa akamwani, tunda la kahawa aina ya robusta lililochumwa, likachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, ambalo hutolewa katika kikapu kidogo na kutafunwa taratibu huku mazungumzo yakianza. Haifai kudai kwamba mababu walikuwa wakifanya uzingativu bila kujua, kwani madai ya namna hiyo hupendeza masikioni na hayathibitishiki; akamwani ni adabu ya ukarimu na haikubuniwa ili kutibu nafsi. Hata hivyo tendo lenyewe lina sifa ambazo Kabat-Zinn alizitafuta katika zabibu yake: ni dogo, lina ladha inayobadilika kutoka uchungu hadi utamu wa mbali, halilazimishi haraka, na linampa mtu sababu ya kunyamaza kabla ya kusema. Mtu aliyekuja akiwa na maneno makali mdomoni hulazimika kwanza kutafuna.

Kuna kutafuna kwa namna nyingine ambako ndiko adui halisi wa msamaha, nako ni kule ambako ng'ombe hukufanya alalapo, kurudisha alichokwisha kukimeza na kukitafuna upya. Kiswahili hukuita kucheua. Binadamu hucheua maneno: usiku, taa ikishazimwa, kauli ya shemeji iliyosemwa miaka 3 iliyopita hurudi, hutafunwa, huongezewa jibu ambalo halikutolewa siku ile, humezwa, kisha hurudi tena. Mwaka 2001 Charlotte Witvliet na wenzake wa Chuo cha Hope, katika jimbo la Michigan, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wanafunzi 71, ambao kila mmoja alitakiwa kumfikiria mtu halisi aliyepata kumkosea, mara akirudia maumivu na kinyongo, mara akijaribu kuuona ubinadamu wa mkosaji na kumwazia msamaha. Walipokuwa katika kinyongo mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilipanda zaidi, misuli ya paji la uso ikakaza zaidi na jasho likaongezeka kwenye ngozi. Mkosaji mwenyewe hakuwamo chumbani. Wazo lake tu lilitosha kuufanya mwili ujiandae kwa vita.

Uzingativu hauzuii wazo lisirudi, na anayeuanza kwa matumaini hayo atakata tamaa mapema. Unachofanya ni kumwezesha mtu kugundua kwamba ameanza kucheua, akiwa bado yuko mwanzoni, na kulitenga lile tukio la zamani na hadithi inayosimuliwa juu yake sasa. Johan Karremans na wenzake wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha mwaka 2020 mfululizo wa tafiti ulioonyesha kuwa watu wenye tabia ya uzingativu huelekea kusamehe zaidi, wakiwemo wanandoa. Ni kweli kwamba mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kuwa moja ndilo linaloleta lingine, na inawezekana pia kwamba watu wenye moyo mkunjufu ndio wanaomudu kutulia, lakini mwelekeo wa matokeo hayo unapatana na yale ambayo wazee wa usuluhishi wamekuwa wakiyaona kwa macho yao.

Kinachocheuliwa zaidi Kagera ni ardhi. Mfano ulio mashuhuri katika vitabu vya sheria vya Tanzania ulianzia Muleba: mwanamke aliyekuwa amerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali aliona kwamba uzee unamlemea na hana wa kumtunza, akaliuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Siku iliyofuata mpwa wake alikuwa amekwisha kumfungulia shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia, Mahakama ya Wilaya ikatengua, na mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo inakwenda kinyume cha haki ya usawa iliyomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Hukumu hiyo imesomwa na wanasheria katika nchi nyingi, na kwa haki kabisa. Lakini hakuna hukumu inayoweza kuandika neno juu ya jinsi shangazi na mpwa watakavyosalimiana. Hati ya mahakama hugawa ardhi na haki. Uchungu humwachia kila mmoja wa kwake aende nao nyumbani.

Ni haki kusema kwamba watunga sheria wa Tanzania hawakuwa vipofu kwa pengo hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanandoa, isipokuwa katika hali chache maalumu, wapite kwanza mbele ya baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7, watatu kati yao wakiwa wanawake, ili ugomvi wa mipaka upatanishwe pale pale ulipozuka. Udhaifu wa mabaraza mengi haumo katika sheria bali katika haraka. Wagombanaji huitwa, kila mmoja hueleza, wazee huwashauri washikane mikono, na shughuli hufungwa kabla ya mtu yeyote kati yao kupata nafasi ya kutambua kitu gani hasa kinamuuma.

Kagera iliwahi kuwa na chuo kingine cha kusameheana, chenye nguvu na chenye kasoro zake. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo lililozuka Rwanda na Uganda, ulifika Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuwaacha watu walioitwa Walokole, maana yake waliookoka. Mlokole alitakiwa kutembea nuruni, yaani kutoficha kitu: mume aliungama kwa mkewe, jirani alirudisha jembe aliloiba, mtu alisimama mbele ya ndugu wa ushirika akalitaja kosa lake kwa jina. Josiah Kibira, aliyepata kuwa askofu wa Kilutheri huko Bukoba mwaka 1964 na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alitoka katika uamsho huo, na kitabu chake cha mwaka 1974 kinachunguza jinsi kanisa na ukoo vinavyokutana na kusuguana katika maisha ya Wahaya. Sifa kubwa ya Walokole ni kuvunja ukimya, jambo ambalo adabu ya Kihaya, inayomtaka mtu asifunue ya nyumbani, isingeliruhusu kwa urahisi. Kasoro ni kwamba ungamo la hadharani humgeukia aliyekosewa: akishaombwa radhi mbele ya umati unaoimba, ana muda gani wa kuuliza moyo wake kama uko tayari? Msamaha uliotolewa kwa kuona haya hubaki msamaha wa uamuzi, na mara nyingine hata huo haupo.

Dini zenyewe zimekuwa na busara ya polepole zaidi kuliko hiyo. Mkatoliki huelekezwa kuichunguza dhamiri yake kwa utulivu kabla ya kwenda kwenye kitubio, na Mwislamu amefundishwa na Mtume kwamba akikasirika naye amesimama, aketi, na hasira isipomtoka, ajilaze. Mafundisho haya ya pili yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa yanaanza na mwili kabla ya mawazo, sawasawa na yanavyofanya mazoezi ya kliniki za leo. Huko Kilimanjaro, nako, Wachaga wana mmea wa isale unaopandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, na ambao, ukipelekwa kwa aliyekosewa, huwa ni ombi zito la msamaha ambalo kulikataa ni aibu kubwa. Hapo tena desturi huanza na kitu cha kushikwa mkononi, na maneno hufuata.

Kwa vitendo, uzingativu katika nyumba ya Kaagya hauhitaji mkeka maalumu wala mwalimu kutoka mbali. Mtu ambaye mdogo wake amekata mibuni yake ya mpakani bila kumwambia anaweza, kabla ya kuvuka njia kwenda kumkabili, kuketi barazani, kutafuna akamwani moja kwa nadhari yote na kuzifuata pumzi zake zinavyoingia na kutoka. Wazo la mibuni litakuja. Halifukuzwi, hutajwa tu kimoyomoyo kuwa ni hasira, kisha mtu huuliza hasira hiyo imekaa wapi, shingoni, tumboni au kwenye taya. Mara nyingi, akivumilia kukaa nayo bila kuilisha maneno mapya, ataona chini yake kuna kitu kingine ambacho hakukitarajia, kama vile aibu ya kudharauliwa na mtu aliyembeba mgongoni utotoni, au hofu ya kwamba watoto wake watabaki bila kitu. Aibu na hofu huzungumzika, na hasira tupu haizungumziki. Atakapofika kwa mdogo wake ataweza kusema, "Ulikata mibuni yangu bila kuniambia, nami niliona umenidharau," kauli inayotaja tendo moja lenye tarehe yake, badala ya kusema kwamba yeye na uzao wake wote ni wezi. Na ikiwa itambidi kumchukua mzee, anayeitwa kwa heshima Ta Fulani au Ma Fulani, basi mzee huyo atamkuta mtu anayejua anachokitaka.

Zoezi hilo lina upande wa pili ambao hutajwa kwa nadra, nao ni wa mkosaji. Anayeombwa maelezo naye hupandwa na joto usoni, hutafuta kisingizio, hukumbuka kosa la mwenzake la zamani ili mizani ilingane. Akiweza kuliona joto hilo likija na kulipisha, ombi lake la radhi litakuwa fupi na halitakuwa na neno "lakini" katikati.

Kuna mahali ambapo ushauri huu wote lazima usimame. Mke anayepigwa hahitaji kufundishwa kupumua ili avumilie kipigo kijacho, na Sheria ya Ndoa, katika kifungu chake cha 66, inatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Palipo na hatari, hatua ya kwanza ni usalama, na vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto kwa ajili hiyo. Uzingativu wa kweli, kwa kuwa humfanya mtu aone kilichopo, humsaidia pia kuona kwamba jambo analoambiwa alisamehe bado linaendelea kutendeka. Wanawake wengi wamehimizwa kusamehe mapema mno, tena na watu ambao wao wenyewe hawakuwa wamekosewa chochote.

Wahaya wa zamani walikuwa na agano liitwalo omukago, ambalo liliwageuza marafiki wawili wasio wa ukoo mmoja kuwa ndugu. Kila mmoja alijichanja karibu na kitovu, punje za kahawa zikapakwa damu hiyo, na kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Kahawa ilifaa kwa sababu ganda moja la tunda lake hubeba punje mbili zilizolaliana uso kwa uso. Agano hilo sasa limefifia, lakini linaonyesha jinsi jamii hii ilivyoufahamu undugu: mtu aliye karibu amemezwa, na aliyemezwa hatapikwi kwa urahisi.

Hata walio makaburini hawatapikwi. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilipoteza wazazi wakiwa bado vijana, wengine wakiwa wameacha nyuma yao siri, madeni, watoto wa nje na wosia usioeleweka, na watoto walikua wakiwa na maswali ambayo hakuna aliyebaki wa kuyajibu. Kwa watu hawa kupatana hakuwezekani, wala hakuna baraza litakalomwita marehemu atoe maelezo. Kilichobaki ni ule msamaha wa mtu mmoja, usiohitaji kukubaliwa na mwingine, ambao hupatikana kidogo kidogo kwa kukaa karibu na kumbukumbu yenyewe bila kuikuza wala kuipunguza: baba alikuwa mkarimu, na baba alidanganya, na yote mawili ni kweli. Kaburi lake limo katika kibanja, kati ya migomba, na kuanzia mwezi Mei, kahawa inapoiva, mtoto wake hupita hapo na kikapu, huchuma matunda ya mbuni ulioinamia msalaba, akasogea kwenye mbuni unaofuata.